UZI: Chitradurga, ngome ya maji na mwanamke mwenye mchi (kusini mwa India)

Mtembezi wa Deccan:

Wakuu habari za jioni. Kila anayetoka India kusini naona anapost Mysore, anapost Hampi, anapost lile hekalu kubwa la Thanjavur, sawa kuzuri sana sina ugomvi na mtu. Ila kuna wilaya moja katikati ya jimbo la Karnataka watu wanaipita usiku kwenye basi wakiwa wamelala midomo wazi, inaitwa Chitradurga. Ipo kama kilomita 200 kaskazini magharibi mwa Bangalore, kwenye ile barabara kuu ya kwenda Pune, kwahiyo nyie mnaosoma Bangalore hamna kisingizio, mnaamka asubuhi mnapanda basi la serikali mchana mpo juu ya ngome.

Ngome yenyewe haijajengwa juu ya kilima, imejengwa juu ya vilima kadhaa vilivyojaa majabali ya graniti, na wajenzi walichofanya ni kuziba mapengo kati ya jabali na jabali kwa kuta za mawe yaliyochongwa yakakaa bila hata udongo wa kushikizia. Sehemu nyingine ukitazama huelewi mwamba wa Mungu unaishia wapi na ukuta wa binadamu unaanzia wapi. Wenyeji wanaiita Elusuttina Kote, ngome ya mizunguko saba, au Kallina Kote, ngome ya mawe. Hesabu wanayotaja ni milango mikubwa 19, milango midogo 38, njia za siri 35 na minara ya walinzi 2,000. Hizo hesabu ni za mapokeo, hamna mtu anayezunguka na kalamu kuhakiki, ila ukishapita malango manne matano huku unatoka jasho utaacha ubishi.

Malango hayapangwi kwenye mstari mmoja. Ukiingia la kwanza unakutana na ukuta, unakata kona, unaminywa kwenye njia nyembamba, kona tena, ndo unaliona la pili. Maana yake tembo wa vita hapati pa kuchukulia mbio akabomoe mlango kwa kichwa, na wewe askari wa adui muda wote ubavu wako upo wazi kwa aliyekaa juu na mafuta ya moto. Kwenye mawe ya langoni kuna nyoka mwenye vichwa saba kachongwa, na ndege wa vichwa viwili wanayemwita Gandabherunda.

Naendelea chini, vidole vimechoka.

Ngosha wa Capri Point:

Mkuu hayo majabali uliyoyaelezea si ndo Mwanza kabisa? Mi nimekulia katikati ya mawe hivyohivyo, yamebebana utadhani kuna mtu kayapanga.

Mtembezi wa Deccan:

Ngosha ndo hivyohivyo kaka. Mtu wa Mwanza ukishushwa pale usiku utaanza kutafuta ziwa. Sasa tofauti ni kwamba ziwa hamna, ule ni ukanda mkavu, mvua za kubahatisha, na hapo ndo utamu wa hii ngome ulipo. Wengi wanapiga picha malango na mizinga wanasahau kujiuliza watu maelfu na wanyama wao waliozingirwa miezi na miezi juu ya mawe matupu walikunywa nini.

Walichofanya ni kwamba mvua ikinyesha juu ya miamba haiachwi ipotee. Maji yanatiririka kwenye mifereji hadi bwawa la juu, la juu likijaa linamwagia la chini yake, hilo nalo likijaa linashusha kwa linalofuata, mpaka yanafika bwawa la Sante Honda huku mjini chini, na mahandaki yaliyozunguka ngome nayo yalipata humo. Kila bwawa lina jina. Kuna Gopalaswamy Honda, kuna Sihineeru Honda lenye maji matamu, kuna Tanniru Doni, maji baridi, na kuna Akka Tangi Honda, bwawa la dada wawili. Hilo la mwisho wanasema wake wawili wa mtawala wa mwisho walijitosa humo siku ngome ilipoanguka ili wasichukuliwe mateka. Ukisimama pale maji ni ya kijani, mawe ya ngazi yamekaa mraba, watoto wa shule wanarusha vijiwe na mwalimu anawafokea.

Afu kuna shimo la mviringo lenye mawe manne makubwa ya kusagia, hayo si ya nafaka, ni ya kusaga baruti, wanasema yalizungushwa na wanyama. Ukitazama ukubwa wake unaelewa hawa jamaa hawakuwa wanategemea kuomba baruti kwa jirani.

mzee_kobe:

Mwandishi unatuchanganya, ngome ya nani? Nani kajenga? Anza na mwenye nyumba kwanza.

Mtembezi wa Deccan:

Mzee shikamoo, upo sahihi. Kwa kifupi: miamba ile ilikuwa na kuta tangu zama za koo za kifalme za Wachalukya na Wahoysala, karne ya 11 na kuendelea, ila ngome kama unavyoiona leo ni kazi ya ukoo wa Nayaka. Hawa asili yao ni jamii ya Beda, wawindaji, walikuwa wakuu wa kijeshi chini ya dola ya Vijayanagara. Dola ilipopigwa vita vya Talikota mwaka 1565 na mji wake mkuu (ndo hiyo Hampi mnayoipost) ukaachwa magofu, wakuu wa maeneo wakaanza kujitawala kila mtu kivyake. Wa Chitradurga walidumu zaidi ya miaka mia mbili. Wa mwisho anaitwa Madakari Nayaka, huyo ndo sanamu yake imejaa mjini.

Madakari alibanwa. Huku Hyder Ali, mtawala wa Mysore, huku Wamaratha kutoka kaskazini, kila mmoja anamtaka awe upande wake. Kwanza alikuwa na Hyder, akapigana kwa ajili yake, baadae Wamaratha walipokuja juu akasita kumsaidia, Hyder akaona huyu ananichezea. Ngome ikazingirwa, ikakataa, ikazingirwa tena, mwaka 1779 ikaanguka.

Binti Makadara:

Ngoja kwanza ndugu yangu, hayo ya wafalme tutayasikia tu, wewe kichwa cha uzi umeandika mwanamke mwenye mchi, huyo mwanamke yuko wapi? Mimi nimeingia kwa sababu yake.

Mtembezi wa Deccan:

Haya dada, kaa chini nikupe.

Anaitwa Obavva, na mbele ya jina wanaweka Onake, ambayo ndo mchi wenyewe. Mumewe alikuwa mlinzi wa zamu kwenye ukuta, mpiga baragumu, kazi yake akiona adui apulize jeshi liamke. Karibu na lindo lake kulikuwa na upenyo kati ya miamba, mtu mmoja anapita kwa kujikunja, na watu wa chini walikuwa wanautumia kimyakimya. Wanasema askari wa Hyder walimuona mama muuza maziwa ya mgando anapenyea hapo na chungu chake, wakajua mlango umepatikana.

Mchana ule mumewe karudi nyumbani kula. Obavva kamuandalia, akakuta mtungi hauna maji ya kunywa, akaenda kuchota pale jirani na ule upenyo. Akasikia minong'ono ndani ya mwamba. Hakumwita mumewe, na hapo ndo wasimuliaji wanapenda kukaa, wengine wanasema hakutaka kumkatiza mtu chakula, wengine wanasema alijua akikimbia tu kumwita, watu kumi watakuwa wameshaingia. Akachukua mchi wa kutwangia, ule mrefu wa mbao ngumu, akasimama pembeni ya tundu. Kichwa cha kwanza kinatokeza, anashusha mchi, anamvuta maiti pembeni. Cha pili vilevile. Aliyepo nyuma kwenye giza haoni kitu, anajua mwenzake kapita salama. Akaendelea hivyo hadi maiti zikawa rundo.

Mumewe alipokuja akamkuta kasimama na mchi umelowa damu, akapuliza baragumu, jeshi likatoka. Obavva mwenyewe hakuiona jioni ya siku hiyo, kuna wanaosema alichomwa kutoka nyuma na kuna wanaosema moyo ulisimama. Shambulio hilo lilishindwa. Ngome ilianguka baadae.

Ule upenyo upo mpaka leo na kibao, wanauita Onake Obavvana Kindi. Nimejipenyeza. Mtu mwenye kitambi anapita kwa shida, na ukiwa katikati huwezi kuinua mkono kujikinga wala kugeuka, mabega yamebanwa pande zote mbili, kichwa ndo kinatangulia. Ukitoka upande wa pili unaelewa kabisa kwanini mtu mmoja mwenye mchi alitosha.

Binti Makadara:

Subhanallah. Na alikuwa hana cheo chochote, mke wa askari tu wa zamu.

Kijana wa Buza:

Hadithi tamu ila mi nauliza kama mtu wa hesabu, kuna maandishi ya wakati ule? Maana kila ngome duniani ina mwanamke wake shujaa, na kila mtembeza watalii anaongeza chumvi.

Mtembezi wa Deccan:

Swali halali. Obavva ni simulizi ya mdomo ya wenyeji, na Karnataka nzima ilimjua vizuri zaidi baada ya filamu moja ya Kikannada ya mwaka 1972 iliyopigwa palepale ngomeni. Leo uwanja wa michezo wa Chitradurga una jina lake na tangu 2021 serikali ya jimbo inaadhimisha siku yake tarehe 11 Novemba.

Aliyeandika kuhusu kuzingirwa ni Kanali Mark Wilks, Mwingereza aliyekaa Mysore kama mwakilishi wa serikali yao, mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye anasema Wabeda kabla ya kutoka kuwavamia waliowazingira walikuwa wanafanya ibada kwa mungu wao wa kike, baragumu inalia, wanashuka, na hawarudi bila vichwa vya kumtolea. Ngome ilipotekwa vikakutwa vichwa kama 2,000 vimepangwa kwa vichuguu vidogo mbele ya hekalu. Kwahiyo ukiniuliza kama watu wa pale walikuwa na moyo wa kumponda adui kichwa, maandishi ya upande wa pili yenyewe yanakubali. Jina la mwanamke mmoja wa kota za walinzi kanali gani angejisumbua kuliandika?

Na mwisho wa ngome kwa Wilks hauhusu upenyo, ni usaliti. Maafisa waliokuwa wanalipwa na Madakari mwenyewe waliwasiliana na Hyder. Mabwawa yalikuwa na maji, baruti ilikuwepo, kuta zimesimama mpaka leo hii, aliyefungua ni mtu wa ndani.

mzee_kobe:

Marahaba kijana. Na huyo Madakari aliishia wapi?

Mtembezi wa Deccan:

Alipelekwa Srirangapatna, mji mkuu wa Hyder, na familia yake kifungoni, hakurudi. Hyder akahamisha watu wa jamii ya Beda kama 20,000 akawapeleka huko huko, na vijana wadogo akawaingiza kwenye vikosi vilivyoitwa chela, wakakuzwa kuwa askari wake. Yani aliwaondoa kabisa ili ngome isipate mtu wa kuidai. Yeye mwenyewe akafa 1782, mwanae Tipu Sultan akaimarisha baadhi ya kuta, Waingereza wakamuua 1799, na baada ya hapo wakaweka kikosi chao Chitradurga kwa muda.

Binti Makadara:

Nauliza kwa heshima, huko kwao hii haijawa ugomvi wa dini? Maana Hyder na Tipu ni Waislamu na hawa Wahindu.

Mtembezi wa Deccan:

Imekuwa dada, tena sana. Serikali ya jimbo ilianza kuadhimisha siku ya Tipu mwaka 2015, tarehe 10 Novemba, chama kingine kilipoingia 2019 kikaifuta. Afu 2021 ikaja siku ya Obavva tarehe 11. Angalia kalenda mwenyewe, ni siku inayofuata tu. Mi naona wanamtumia mama wa watu. Vita ile ilikuwa ya kodi na utii, huyu Madakari mwenyewe alishapigana upande wa Hyder, na ndani ya jeshi lake walikuwepo Waislamu. Wamaratha waliokuwa wanambana walikuwa Wahindu wenzie. Ukipanga vita ile kwa misikiti na mahekalu haipangiki.

Mama Ulezi:

Mahekalu ndo nilikuwa nasubiri, kichwa kinasema ngome kila mahali. Hamna mahekalu?

Mtembezi wa Deccan:

Mama yapo tele, juu ya ngome peke yake wanahesabu 18. La Ekanatheshwari, mungu wa kike wa hapo ngomeni, ndo lenye watu mpaka leo. Lakini langu mimi ni la Hidimbeshwara.

Kuna wale ndugu watano wa Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, mmoja anaitwa Bhima, mwenye nguvu na mwenye kula. Wakiwa wamejificha msituni likatokea jitu linaitwa Hidimba, linakula watu. Likamtuma dada yake Hidimbi akawalete wale ndugu wawe kitoweo, dada kufika akamuona Bhima, mapenzi yakaharibu mpango. Bhima akaliua jitu akamuoa dada, wakazaa mtoto, Ghatotkacha. Watu wa Chitradurga wanasema kilima kilikuwa makazi ya lile jitu. Na ndani ya hekalu kuna kipande cha mfupa wanachosema ni jino lake, pia kuna pipa kubwa la mabamba ya chuma wanasema ni ngoma ya Bhima. Sasa cha kunifurahisha, hekalu limepewa jina la jitu, si la Bhima! Aliyeuawa ndo kabaki na nyumba.

Nje pana nguzo ndefu za taa na fremu ya mawe ya bembea, sikukuu ikifika sanamu inakalishwa inabembezwa.

Mama Ulezi:

Na chakula? Usiniambie wali na majani.

Mtembezi wa Deccan:

Hahaa jina lako limekuleta penyewe. Chakula cha huko ni ragi mudde, tonge la ugali wa ulezi, mviringo, la kahawia iliyoiva, na mchuzi mkali wa mboga au nyama. Hawatafuni. Unamega, unachovya, unameza, ukitafuna wanakucheka. Na ulezi asili yake ni huku kwetu, nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ulivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Kwahiyo walinzi wa ile ngome walikuwa wanakula mbegu ya bibi yako.

Ngosha wa Capri Point:

Nje ya hiyo ngome wilaya ina nini kingine, au ukishuka ndo basi?

Mtembezi wa Deccan:

Kaka ndo kwanza. Nyuma tu ya kilima pana Chandravalli, bonde lenye ziwa dogo na mapango ya Ankali Matha, vyumba vimechongwa chini ya ardhi, watawa walikuwa wanakaa, ukizima tochi humo hujioni mkono. Palichimbwa na wataalamu, zikatoka sarafu za Kirumi za Augusto na Tiberio. Miaka 2,000 iliyopita hela ya Roma ilikuwa imefika katikati ya nchi kavu vile. Na kuna maandishi juu ya mwamba ya Mayurasharma, mwanzilishi wa ufalme wa Kadamba, karne ya 4, yanataja kazi ya bwawa la maji. Mnaona? Maji tena.

Kaskazini mwa wilaya, Molakalmuru (huko wanafuma sari za hariri nzuri mno, wenye wake jiandaeni kifedha) kuna Brahmagiri, na mwamba wenye amri za mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Anawaambia watu wawatii baba na mama, wawaonee huruma viumbe, waseme kweli, mwanafunzi amheshimu mwalimu. Mwisho yule karani aliyeandika kaweka jina lake, Chapada, na cheo chake kakiandika kwa hati ya Kharoshthi, ambayo ilikuwa inatumika huko kaskazini magharibi, Gandhara, karibu na Afghanistan. Hamna mtu pale kijijini angeweza kuisoma. Jamaa alikuwa anajionyesha tu, miaka 2,200 na kitu baadae tunamjua.

Jirani yake kuna kilima cha Jatinga Rameshwara, hekalu lipo juu kabisa, hapo wanasema ndo alipoanguka Jatayu, yule ndege mkubwa wa utenzi wa Ramayana aliyepigana na Ravana, mfalme wa majitu, akijaribu kumuokoa Sita aliyetekwa, akakatwa mabawa. Sehemu nyingine za India nazo zinamdai, msianze kubishana na mimi.

Kijana wa Buza:

Sawa Ashoka nimekubali. Hamna vitu vya kushangaza zaidi, vya watu wa sasa?

Mtembezi wa Deccan:

Nenda Nayakanahatti mwezi wa tatu. Kuna kaburi na hekalu la Thippeswamy, mtawa aliyepita karne nyingi huko, hakusifiwa kwa miujiza tu, anasifiwa kwa kuchimbisha mabwawa vijijini. Kauli yake kila mtu anaijua, kadiri ulivyofanya ndivyo utakavyopewa. Siku ya sherehe linavutwa gari la mbao refu kama ghorofa, watu maelfu kwenye kamba, nazi kavu zinachomwa moto moshi umetanda, na bendera yake inapigwa mnada kwa mamilioni ya rupia, wanasiasa na matajiri wanapandishiana hapohapo.

Na huko Challakere wafugaji wa Kadugolla wana sherehe ya Kyatappa. Wanajenga kibanda cha mungu wao kwa matawi ya miiba, yamerundikwa hadi juu, afu vijana wanapanda peku, miguu mitupu, kugombania chombo kilichowekwa kileleni. Miiba ile mirefu ya kutoboa tairi. Wanashuka wanacheka.

mzee_kobe:

Kijana, mi nina mkutano Bangalore mwakani, nina siku moja tu ya kuzurura, na magoti haya. Nitaweza?

Mtembezi wa Deccan:

Mzee wangu utaweza ukitoka alfajiri. Fika langoni kabla ya saa tatu asubuhi, mawe yakishika jua hapakaliki. Mgeni analipa zaidi ya Mhindi, usigombane nao dirishani, ni bei ya serikali. Nenda na maji ya kutosha na viatu vyenye meno, graniti ile imesuguliwa na miguu ya watu inateleza hata ikiwa kavu, na usitembee umeshika chakula mkononi kwa sababu nyani wa pale hawaombi. Kwa magoti yako fanya malango ya mwanzo, Akka Tangi Honda na Ekanatheshwari, kule kileleni waachie vijana. Upenyo wa Obavva usiache, ila begi mpe mtu akushikie kwanza.